Majina Mawili kwenye Ubao wa Mwaloni

Hademoor, karibu na Celle
17 Julai 1870

Mdogo wangu Lüder,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu Friederike na kwa mabinti zako wawili. Sisi huku tunapumua. Kondoo wameshakatwa manyoya, viazi vimetoa maua, na paa la zizi ambalo marehemu mume wangu aliniahidi kulitengeneza linavuja bado. Yeye kafa na ahadi yake, nami sijapata fundi mwenye haya. Ungekuwa jirani ningekusumbua wewe.

Aliyekuletea barua hii ni mwanangu Cord. Mtazame vizuri, maana mara ya mwisho ulimwona akiwa kibogoyo wa meno ya mbele. Leo ana miaka ishirini na mitatu, na ndiye pekee niliyebaki naye.

Jana mkuu wa kijiji kapita nyumba kwa nyumba: askari wote wa akiba waripoti Celle, Prusia inakwenda kupigana na Mfaransa. Cord alishawatumikia miaka miwili, si kwa kupenda. Tangu walipoinyakua Hannover yetu na mfalme wetu akakimbilia ugenini, kila kijana wa huku ni mali yao. Sasa wanamtaka tena. Lüder, unajua kaka yake amelala wapi. Harm amelala Langensalza, na risasi iliyomlaza ilikuwa ya Prusia. Mwaka ule wa sitini na sita na wewe uliitwa na jeshi lenu la akiba huko Prusia. Sikukuuliza walikupeleka wapi, na leo sikuulizi. Nakuomba jambo moja tu.

Huko kwako hakuna anayemjua huyu kijana. Mpe karatasi za mwanagenzi wako wa useremala, mpandishe kwenye zile mashua zinazoleta mbao, ateremke mto Elbe hadi Hamburg, apande meli ya Amerika. Binamu yetu Tönnies ana bucha Cincinnati, atampokea. Utaniambia serikali italichukua shamba la mtoro. Na lichukuliwe! Shamba nimelichoka, mwanangu sijamchoka.

Usiniandikie maneno mengi. Niandikie neno moja: amepanda.

Dada yako,
Dorothee

*

Aschersleben
21 Agosti 1870

Dada yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Friederike anakusalimu, na mabinti wanauliza shangazi atakuja lini na ile asali yake. Unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Treni zote zimechukuliwa na jeshi, posta imezidiwa, na mimi mwenyewe karakanani sina hata nafasi ya kujikuna. Nimeajiri mafundi wapya na bado kazi inatushinda.

Dada, najua neno ulilokuwa ukilisubiri. Sina neno hilo. Cord alikaa kwetu siku chache, akala vizuri, akachezesha wadogo zake, kisha akaamua mwenyewe kurudi Celle kuripoti. Sikumfukuza, Mungu ni shahidi. Aliamua kiume. Tena hata angetaka, Wafaransa wameleta manowari zao mbele ya Hamburg, na meli za Amerika zimefungwa kamba bandarini.

Usilie. Hii si vita ya sitini na sita. Ile ilikuwa ugomvi wa ndani, ndugu kwa ndugu, na ugomvi wa ndani una mwisho wake. Sasa Mbavaria, Msaksoni, Mprusia na Mhannover wanakula chungu kimoja. Hapa kilabuni juzi alisimama mzee mmoja anayetengeneza kofia, mtu ambaye miaka yote humsikii akisema ila "niongezee bia", akasema, "Jamani, mimi nimezaliwa katika nchi ndogo hivi, nikipiga chafya jirani wa nchi nyingine ananiambia afya! Nataka nife katika nchi kubwa." Tulicheka mpaka tukatokwa machozi, na wengine walikuwa wanalia kweli. Umoja ni nguvu, dada. Baba yetu aliuota umoja huu akafa hajauona. Cord atauona kwa macho yake.

Ndugu yako akupendaye,
Lüder

*

Hademoor
5 Septemba 1870

Lüder,

Salamu kwa wifi na mabinti. Asali nitatuma. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama mzima. Jirani yangu Gesche ameanguka kwenye ngazi akavunjika mkono, na mdomo umebaki salama kama kawaida.

Leo tumegonga kengele tangu asubuhi kwa sababu mfalme wa Wafaransa ametekwa huko Sedan. Nasema tumegonga, lakini mgonga kengele wetu alijifanya mgonjwa wa tumbo, ikabidi askari polisi wa Celle wapande wenyewe mnarani. Hawajui kengele zetu. Walizigonga kana kwamba kuna moto, na watu wawili wakaja mbio na ndoo. Huo ndio umoja wenu ulivyoingia Hademoor.

Cord ameniandikia kutoka Ufaransa. Ni mzima. Kikosi chake kilikuwa katika mapigano makali mwezi uliopita, na rafiki zake wengi hawapo. Halafu kaandika hivi, nakunakilia: "Mama, mashua ilikuwa tayari kule Magdeburg na mjomba alikwisha kuongea na mwenye mashua. Tulipomaliza kula, mjomba akaniita karakanani, akanionyesha masanduku ya jeshi yaliyopangwa hadi darini, akaniambia jambo. Niliona haya. Nikaona bora niripoti."

Ati aliamua kiume! Mtoto wangu hakuwahi kuamua hata shati la kuvaa Jumapili bila kuniuliza. Ulimwambia nini karakanani, Lüder?

Dorothee

*

Aschersleben
30 Oktoba 1870

Dada mpendwa,

Nakuamkia tena. Asali imefika, na mabinti wameilamba wakajipaka mpaka masikioni. Friederike anasema Mungu akuzidishie. Nimekutumia soseji za hapa pamoja na skafu. Utaona skafu ina rangi tatu za bendera yetu mpya, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kama hutaki kuivaa, mfungie Gesche mkono.

Metz imesalimu amri! Jeshi zima la Mfaransa limeweka silaha chini, na Cord yuko mzima, nimeuliza kwa mtu anayeleta barua za kikosi chake. Nasikia Krismasi watakuwa nyumbani. Nakuomba umtafutie mchumba sasa hivi, maana atakaporudi na nishani kifuani mabinti wa huko watagombana.

Dada, tusikumbushane ya nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki. Wewe unamwona Mprusia, unamwona mwizi. Mimi nimeishi nao tangu nilipofika hapa na mfuko wa patasi begani, wakanipa kazi, wakanipa mke. Wana maneno makali lakini shule zao zina paa na barabara zao hazina matope. Nani mwingine angetuunganisha? Mabwana wetu wadogo thelathini na kitu, kila mmoja na kasri lake na ushuru wake? Waliongea miaka hamsini, hawakuunganisha hata reli. Si mimi niliyesema umoja utakuja kwa vita. Umekuja kwa njia hiyo tu, nyingine haikuwepo.

Jifunike vizuri, baridi imeanza.

Lüder

*

Hademoor
19 Desemba 1870

Lüder,

Sina salamu leo.

Tulikuwa tunachinja nguruwe. Maji yalikuwa yanachemka, Gesche anakoroga damu ya soseji kwa mkono wake mzima, mimi nimeshika kisu. Akaingia mkuu wa kijiji amevua kofia. Nikamwambia, "Kama umekuja kuomba ini, subiri zamu yako." Hakucheka. Akasema, "Dorothee, weka kisu chini kwanza." Nikajua. Nikamwambia sikiweki. Akasema, "Nakuomba, mama Cord." Gesche akaanza kupiga yowe kabla mtu hajasema kitu, ikabidi mimi ndiye nimnyamazishe.

Ni mahali panaitwa Beaune-la-Rolande, mwishoni mwa Novemba. Mwenzake mmoja wa Celle kaniandikia kwamba walikuwa wamejificha nyuma ya ukuta wa makaburi, na Cord alipigwa shingoni, hakuteseka. Wote huandika kwamba hakuteseka. Hata la Harm waliniandikia hivyo, na yule aliteseka siku mbili.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilimaliza kumkata yule nguruwe, Lüder, maana nyama isingengoja. Nilikata na kutia chumvi mpaka mwisho, na watu wakasema nina moyo wa jiwe.

Sikuulizi tena ulimwambia nini. Nimejua bila kuambiwa. Mtoro angetokea nyumbani kwako, jeshi lisingeagiza kwako tena hata msumari. Ulimwonyesha masanduku yako ukamwambia kuna watoto wanakula kupitia masanduku yale, na mwanangu akaona haya kuwanyima wadogo zake mkate. Kama nimekosea, andika.

Dorothee

*

Aschersleben
26 Januari 1871

Dada yangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Friederike alilia hadi nikaogopa kwa hali yake, kwani yu mjamzito na siku zake zinakaribia. Tumefunga karakana siku nzima. Mabinti wamevaa nyeusi. Alikuwa kijana mwema, na hapa kwetu alitengeneza kigoda ambacho mdogo hataki mtu mwingine akikalie. Pole, dada. Pole sana. Sijui niongeze nini.

Umesikia habari za Versailles. Wafalme na wakuu wote wa Ujerumani wamemkubali mfalme wetu kuwa Kaisari, palepale katika kasri la Wafaransa. Kwa hiyo sasa ipo. Nchi ipo, dada. Watu hapa walikumbatiana barabarani na theluji ikianguka. Nilisimama nao. Nilimfikiria Cord. Nikajiambia kwamba kama si yeye na wenzake, isingekuwepo, na huenda siku moja jambo hilo litakuwa kitulizo kwako. Kama maneno haya yanakuudhi, yaruke.

Sasa nisikilize. Katika makanisa ya Prusia kuna desturi tangu vita vya Napoleon: waliokufa vitani wanaandikwa kwenye ubao, na ubao unatundikwa karibu na madhabahu milele. Amri imetoka kwamba na makanisa ya Hannover yafanye hivyo. Niruhusu nichonge ubao wa Hademoor mimi, kwa mikono yangu, kwa mwaloni bora nilio nao. Mchungaji wenu nimeshamwandikia, amekubali. Katika kijiji chenu aliyekufa ni Cord peke yake, kwa hiyo ubao utakuwa wake.

Lüder

*

Hademoor
12 Februari 1871

Lüder,

Salamu kwa wifi, Mungu amfungue salama. Hili nasema kwa moyo, kwani yeye hana kosa.

Hukuandika kwamba nimekosea.

Chonga. Lakini chonga majina mawili, Harm na Cord. Nimezaa wawili, wote wamekufa kwa risasi, wote hawana kaburi ninaloweza kulifagia. Harm hajawahi kuandikwa popote. Alipokufa walioshinda ile siku ya Langensalza walikuwa sisi, kisha baada ya siku mbili tukasalimu amri kwa njaa, na tangu hapo nchi aliyoifia haipo, hata kwenye ramani ya shule wameifuta. Anayetaja jina lake ni mimi. Nikifa mimi, basi.

Nataka wakae pamoja kwenye ubao mmoja, kama walivyolala kitanda kimoja hadi Harm alipoanza kupiga mateke. Hakuna kingine ninachokitaka kutoka kwako duniani. Ukinifanyia hili sitasema neno juu ya karakana, wala mbele ya Mungu sitasema.

Dorothee

*

Aschersleben
3 Aprili 1871

Dada mpendwa,

Nakuamkia kwa furaha, ya kwanza tangu Krismasi. Friederike amejifungua mtoto wa kiume! Baada ya mabinti wawili, nilikuwa nimekata tamaa. Ana sauti ya sajini. Mkunga alipomtoa akasema, "Huyu ni mwanajeshi wa Kaisari," na nyumba nzima ikacheka.

Ubao nimeupeleka stesheni jana, umefungwa kwa blanketi. Sijawahi kuchonga kitu kwa uangalifu namna ile. Pembeni nimeweka majani ya mwaloni, juu msalaba, chini yake maneno ambayo huandikwa kwenye mbao zote za aina hii, na chini ya maneno hayo Harm na Cord, herufi sawa kwa sawa, hakuna aliye mkubwa. Nilifanya ulivyotaka. Fundi wangu mmoja aliniuliza, "Bosi, huyu wa sitini na sita si alikuwa upande ule?" Nikamwambia ashike randa yake.

Sasa nina ombi. Tunataka uwe mama wa ubatizo wa mtoto huyu. Na tunataka aitwe Cord, ili jina lisipotee. Njoo, dada. Nitakutumia nauli. Njoo umpakate, uone kwamba maisha yanaendelea. Unitumie hata mstari mmoja wa hongera, nausubiri.

Ndugu yako,
Lüder

*

Hademoor
8 Mei 1871

Mdogo wangu Lüder,

Salamu kwa Friederike. Mwambie anywe supu ya kuku na asiinue ndoo. Viazi vimepandwa. Nimewapangisha watu wa Celle nusu ya shamba, mimi sina wa kulima naye.

Ubao umefika. Niliufuata stesheni kwa gari la ng'ombe la Gesche, tukaufungua kanisani mbele ya mchungaji, wazee wa kanisa na karani mmoja wa wilaya, kijana wa Berlin mwenye viatu vinavyolia. Ni kazi nzuri, siwezi kukunyima hilo. Niliyapapasa majina yote mawili kwa kidole, na kwa kitambo kidogo nilipumua. Halafu Gesche, ambaye hawezi kusoma haraka, akasoma pole pole kwa sauti maneno ya juu: "Kwa Mfalme na kwa Nchi yao." Akageuka akauliza, "Jamani, mfalme yupi?"

Hukufikiri, Lüder. Mkono wako umezoea kuchonga maneno hayo, ukayachonga. Ukamweka Harm amfie mfalme aliyemuua.

Karani alikuwa ameshamuuliza mchungaji Harm ni nani. Akasema, "Haiwezekani. Huyu alimpiga risasi askari wa Mfalme." Nikamwambia, "Na askari wa Mfalme alimpiga yeye, basi wameshalipana. Mimi mwenyewe sitaki akae chini ya maneno haya. Ondoeni maneno, acheni majina." Akasema maneno ni amri, yamekuja kutoka juu. Nikamwambia majina nayo yametoka kwangu, tumboni. Wazee wa kanisa wakatazama viatu vyao. Watu hawa, Lüder, walimbeba Harm kwenye ubatizo, walimtuma dukani, walimchapa alipoiba matofaa yao, na hakuna aliyefungua mdomo. Mchungaji akanishika mkono akasema, "Mama Behrmann, mambo yamebadilika, sasa sote ni kitu kimoja."

Wakamwita mzee Klages, seremala wa kijiji, na randa yake. Akalaza ubao juu ya benchi, akaniangalia, akasema, "Dorothee, toka nje kidogo." Nikamwambia nitakaa. Mwaloni wako ni mgumu, alifanya kazi hadi jasho likamtoka. Harm alianza kutoka kwa herufi ya kwanza. Maranda yakaanguka sakafuni, na Gesche akayaokota akayatia kwenye aproni, sijui ya nini, alikuwa analia tu. Mahali pale pamebaki peupe.

Nikamwambia karani, "Mtoe na wa pili." Akashangaa. "Mama, huyu ni shujaa." Nikamwambia, "Ni mwanangu. Kama kaka yake hafai, na yeye siwapi. Mpigeni randa." Akaniambia kwa upole kabisa, kama anayeongea na mtoto mwenye homa, kwamba jina la Cord si langu tena la kuondoa. Ameshaandikwa Berlin, ni wa Ujerumani. Nikamgeukia Klages, naye akarudisha randa kwenye mfuko wake wa zana.

Wameutundika Jumapili iliyofuata. Waliniketisha mbele. Waliimba, askari walipiga saluti, mke wa mkuu wa wilaya alinibusu akaniambia natakiwa kujivuna. Nilisimama waliposimama, nikakaa walipokaa. Kila Jumapili sasa nitaingia mle nimwone mmoja juu ya ukuta na mwenzake hayupo, na nikiacha kwenda, yule mmoja atabaki peke yake na watu wasiomjua. La kuvunda halina ubani. Sina hasira na wewe. Nilidhani nitakuwa nayo, nimeitafuta, sijaiona. Sina kitu kabisa.

Kwenye ubatizo sitakuja. Nauli usitume. Jina la Cord usimpe, tafadhali, nakuomba kama nilivyokuomba ile mara ya kwanza, na safari hii nifanyie. Mpe jina lingine lolote.

Umesema unasubiri mstari wa hongera kutoka kwangu kwa kupata mtoto wa kiume. Pole, mdogo wangu. Pole sana, na umpe pole mama yake.

Dorothee